Chakula cha Leo Huanza Jana Usiku

Saa kumi na mbili na nusu jioni, kando ya stendi ya matatu mjini Kitale, mama mboga ameshika kisu na fungu la sukuma wiki. Anakata bila kuangalia mikono yake, na majani yanaangukia mfukoni kama nyuzi. Mbele yake wamesimama mwalimu aliyetoka shuleni, mwendesha bodaboda, muuguzi wa zamu ya usiku na kijana wa chuo. Wote wanaagiza karibu kitu kimoja: sukuma ya ishirini, nyanya mbili, kitunguu kimoja. Unga uko nyumbani. Baada ya saa moja watakuwa wamekula, na kesho saa kama hiyo watarudi hapo hapo.

Ugali kwa sukuma ni chakula kizuri na hakuna haja ya kukionea aibu. Tatizo linaanza kinapokuwa chakula cha Jumatatu hadi Jumamosi, katika eneo ambalo masoko yake yamejaa maharagwe ya kila rangi, mnavu, saga, kunde, mrenda, omena, viazi vya miteremko ya Mlima Elgon na Cherangani, ndizi na karanga. Mpishi wa nyumbani anavipita vitu hivyo kwa sababu anaijua saa yake. Maharagwe yanakawia motoni, mboga za kienyeji zinachambuliwa jani kwa jani, omena ina mchanga. Anayefungua mlango saa moja usiku, watoto wakiwa tayari na njaa, hawezi kuanza safari ndefu namna hiyo.

Ndiyo maana ushauri wa mapishi unaoanza kwa orodha ya viungo haumsaidii mtu huyo. Anachohitaji ni kuigawa kazi. Kila chakula kina sehemu ya polepole na sehemu ya haraka. Ile ya polepole, yaani kuloweka, kutokosa, kuchambua na kuosha, ifanywe mara moja, wakati moto unawaka kwa jambo jingine au mikono imepumzika. Jioni ibaki na ile ya haraka: kitunguu, nyanya, dakika kumi na tano. Wapishi wazoefu wa Bungoma na Trans Nzoia wanafanya hivyo bila kuipa njia hiyo jina lolote, na hapa inafaa kueleza jinsi wanavyofanya na kwa nini inafaulu.

Tuanze na maharagwe, kwa kuwa ndiyo yanayowashinda wengi, na Kitale yanawashinda zaidi.

Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, wakati Mombasa yanafika 100. Bungoma, ambayo iko chini zaidi, karibu mita 1,400, yanachemka kwenye 95 na kitu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini punje ya haragwe inaihisi. Sufuria inatokota, mvuke unapanda, na ndani yake maji hayana joto lile ambalo mpishi wa pwani analipata bure. Mtu aliyehamia Kitale kutoka Mombasa akalalamika kwamba maharagwe ya huku ni magumu hakosei. Kuongeza makaa hakusaidii, maana maji yakishachemka hayapandi joto zaidi hata jiko liwe jekundu. Moto mkali unamaliza maji na kuni tu. Kinachosaidia ni kuloweka na kuyapa muda mrefu zaidi, au kutumia sufuria ya presha, ambayo inabana mvuke na kulipandisha joto la maji.

Kuloweka kunafanyika usiku. Maharagwe huchaguliwa, kokoto na punje zilizotobolewa zikatupwa, yakaoshwa na kufunikwa kwa maji mara tatu ya wingi wake. Asubuhi maji yale humwagwa, mapya yakawekwa, na sufuria ikaenda jikoni wakati huo huo chai inapochemshwa na watoto wanapovalishwa sare. Nusu saa ya kuchemka kwa nguvu inatosha kwa hatua hii, na haifai kurukwa. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Inaondolewa na kuchemka hasa.

Baada ya nusu saa hiyo, mwenye kikapu cha kuhifadhi joto anaitia sufuria humo, ikiwa imefunikwa na bado inatokota. Kikapu hiki ni rahisi kutengeneza: kapu la kawaida linashonewa kitambaa ndani, katikati ya kitambaa na kapu vikajazwa vipande vya sponji au nguo kuukuu, na juu ukawekwa mto mnene unaofunika vizuri. Hakuna moto wowote. Joto lililomo kwenye sufuria linaendelea kupika wakati nyumba haina mtu. Masharti ni mawili: sufuria iwe imejaa karibu yote, maana iliyojaa nusu inapoa haraka, na kifuniko kisifunguliwe kuchungulia. Jioni maharagwe yanapotolewa yachemshwe tena mpaka yatokote sawasawa kabla ya kuliwa. Mara nyingi yanakuwa laini, na yakikataa, dakika ishirini za moto zinayamaliza.

Kuhusu chumvi, wengi wanaogopa kuitia mapema wakisema inayakaza maharagwe. Kinachoyakaza zaidi ni nyanya. Uchachu wake unalizuia ganda kulainika, hivyo anayetia nyanya kwenye maharagwe yasiyoiva atakaa jikoni hadi saa nne. Nyanya ingoje mpaka punje ipondeke kwa vidole viwili. Magadi yanalainisha haraka, hilo ni kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini za maharagwe na kuacha ladha ya sabuni yakizidi. Aliyeloweka usiku kucha hayahitaji.

Umri wa maharagwe nao una neno. Katika eneo hili hupandwa pamoja na mahindi mvua za Machi na Aprili, na mengi huvunwa kuanzia mwezi wa saba. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima mahali pa joto huwa na rangi iliyofifia na ganda kavu, na yapo ambayo hayaivi hata yakichemshwa mchana kutwa. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji kabla ya bei ni moja: haya ni ya msimu gani?

Kuunga kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kitunguu kikubwa kinakaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka kigeuke rangi ya asali. Karoti iliyokunwa inafuata, kisha nyanya tatu, na hapo uvumilivu unalipa: nyanya ziachwe mpaka zipondeke kabisa na mafuta yajitenge kando. Ndipo maharagwe yanaingia na mchuzi wake. Upawa mmoja wa maharagwe ukipondwa humo humo sufuriani, mchuzi unakuwa mzito bila unga wala kiungo cha dukani. Dania mwishoni. Nyanya inafanya kazi nyingine isiyoonekana, kwa sababu vitamini C yake inausaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe. Chai inafanya kinyume, na huku kwetu chai ya maziwa mara nyingi inasindikiza chakula cha jioni. Ikisogezwa saa moja mbele, hasa kwa mama mjamzito na watoto wadogo, maharagwe yale yale yanawalisha zaidi.

Vikombe vitatu vya maharagwe makavu vinatosha familia ya watu watano jioni mbili, na hapo ndipo faida ilipo. Kabla ya kuunga, nusu inawekwa kando ikiwa na maji yake na bila nyanya. Jioni ya pili inakuwa chakula kingine kabisa: mahenjera, yaani mahindi na maharagwe ambayo nchi nzima inayajua kwa jina la githeri, au mushenye, mseto wa maharagwe na viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa pamoja mpaka mwiko usimame. Mushenye hauhitaji mafuta wala nyanya. Chumvi kidogo inatosha, na watoto wanaokataa maharagwe mara nyingi wanaula kwa sababu ya utamu wa viazi.

Asiye na friji asivuke jioni hiyo ya pili. Chakula kilichobaki kichemshwe mpaka kitokote usiku kabla ya kulala, kifunikwe, kichemshwe tena asubuhi, kisha jioni. Baridi ya usiku wa Kitale inasaidia kidogo. Joto la mchana Bungoma halisaidii hata kidogo. Na kwa aliyesahau kuloweka, kuna ndengu na kamande. Ndengu zinaiva kwa dakika arobaini hivi bila kulowekwa, kamande mapema zaidi. Kopo moja la kila aina rafuni limeokoa jioni nyingi.

Sasa ugali wenyewe, ambao kila mtu anadhani anaujua.

Kitale ina haki ya kuuzungumzia kuliko miji mingi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapa mwaka 1956, na kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichotoa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964. Mzazi mmoja wa mbegu hiyo alikuwa aina ya hapa hapa Kitale, na mwingine aliletwa kutoka Ecuador, huko Amerika Kusini. Mahindi hayo yalizaa vizuri mno kuliko ya awali, yakaenea mashambani kwa kasi, na sima ya wimbi na mtama, ambayo kwa Wabukusu ndiyo busuma ya asili, ikasogezwa pembeni. Leo kuna watoto wa Bungoma wanaoijua busuma ya wimbi kama chakula cha harusi na matanga.

Kwa ugali wa watu wanne, lita moja ya maji inameza nusu kilo ya unga na ushee. Maji yanapoanza kutoa vipovu, konzi moja ya unga inanyunyizwa na kukorogwa ili kupata uji mwepesi, nao unaachwa utokote. Uji huo ndio unaozuia madonge. Kikombe kimoja kinachotwa na kuwekwa kando, unga uliobaki unamiminwa, na mwiko unaanza kazi: kukandamiza kwenye ukingo wa sufuria, kugeuza, kukandamiza tena. Ukikaza kupita kiasi, uji wa akiba unarudishwa kidogo kidogo. Kisha moto unapunguzwa, ugali unafunikwa dakika tano hadi nane. Hatua hii ndiyo inayokatwa na wenye haraka, na ndiyo inayoondoa ladha ya unga mbichi. Dalili yake haijifichi: harufu kama ya mahindi ya kuchoma, na ukoko unaoanza kuachana na sufuria. Unga wa kinu cha posho, kwa kuwa una pumba zake, unataka maji zaidi kidogo na dakika chache za ziada.

Je, unga wa kinu ni bora kuliko wa pakiti? Kila mmoja una lake. Wa kinu unabaki na kiini na pumba, kwa hiyo una nyuzinyuzi na mafuta ya asili, ila hauhifadhiki muda mrefu. Wa pakiti umekobolewa, lakini tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji kuuongezea vitamini na madini. Familia inayosaga yenyewe ihakikishe basi kwamba mboga na maharagwe yanaziba pengo hilo.

Hilo si jambo dogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya watu maskini wa majimbo ya kusini ya Marekani waliugua pelagra: ngozi ikibambuka, tumbo likiharibika, akili ikichanganyikiwa. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi ya kuichunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba haikuwa ya kuambukizwa. Ilitokana na mlo uliotegemea mahindi bila maziwa, nyama wala kunde za kutosha. Wenyeji wa Mexico, waliokula mahindi miaka mingi zaidi, waliepuka janga hilo kwa sababu waliyachemsha kwa chokaa kabla ya kusaga, na chokaa ilifungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Huku kwetu chokaa haitumiki, lakini haragwe linafanya kazi inayokaribiana na hiyo: lina zile protini ambazo mahindi yamepungukiwa nazo. Anayekula mahenjera, au ugali kwa maharagwe, anakula vitu viwili vinavyojazana.

Usalama wa mahindi nao ni sehemu ya upishi. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyoota kuvu baada ya kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Trans Nzoia mavuno ya mwisho wa mwaka yanaweza kukutwa na mvua, na kila familia inayosaga mahindi yake ingefaa kujua kipimo hiki cha chupa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na vijiko kadhaa vya chumvi kavu kabisa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudi juani. Ikianguka chini bila kunata, yanaweza kuhifadhiwa. Punje zenye rangi ya kijani au nyeusi zitupwe mbali. Kuku wasipewe, maana sumu inawadhuru nao pia.

Ukiteremka kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, hewa inakuwa ya joto na mboga kwenye vibanda zinabadilika. Sukuma inapungua, na majani yenye majina ya nyumbani yanachukua nafasi: lisutsa, ambao ni mnavu, tsisaka, yaani saga, murere, ambao Kiswahili kinauita mrenda, seveve, majani ya maboga, na kunde. Sokoni Chwele mafungu yake yanapangwa chini juu ya magunia, yakiwa bado na umande.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia maisha yake ya utafiti kuzitetea mboga hizi. Amesimulia kwamba utotoni mwili wake haukupokea vyakula vingi vya protini ya wanyama, hivyo akalelewa kwa mboga za kienyeji, wakati ambapo vitabu vya kilimo viliziita magugu. Zinakua haraka, zinastahimili ukame kuliko kabichi, na zina madini na vitamini nyingi. Kazi iliyobaki ni ya jikoni, kuzipika zipendwe.

Kosa la kwanza ni kupika mnavu peke yake na kumwaga maji yake ili kuondoa uchungu. Maji yale yanaondoka na sehemu kubwa ya faida. Njia nzuri zaidi ni kuchanganya: fungu moja chungu, kama mnavu au saga, kwa mafungu mawili ya majani ya upole, kama terere, yaani mchicha, au seveve. Vitunda vya kijani vya mnavu viondolewe, maana vibichi vina sumu. Majani yanaoshwa yakiwa mazima, yanachemshwa kwa maji kidogo dakika kumi na tano, kisha kikombe cha maziwa kinamiminwa na moto unapunguzwa mpaka maziwa yakaribie kukauka. Wapishi wengi wa Bungoma wanaipika mboga hii leo ili iliwe kesho, wakiipasha moto na kuongeza maziwa kidogo, na kweli kesho yake ni tamu zaidi. Karanga iliyosagwa ikitiwa badala ya maziwa, inakuwa mboga nzito inayotosha kuwa kitoweo kamili bila nyama, na mafuta yake yanausaidia mwili kupokea vitamini A ya majani.

Mrenda una ufundi wake, nao unahitaji musherekha. Hii ni chumvi ya majivu, na anayetaka kuona upishi wa zamani ukiwa hai aitazame ikitengenezwa. Maganda makavu ya maharagwe, yaliyobaki baada ya kupura, yanachomwa mpaka yawe majivu meupe. Kopo kuukuu linatobolewa matundu kwa msumari chini yake, nyasi kidogo zinawekwa ndani kama chujio, majivu yanafuata, kisha maji safi yanamiminwa polepole. Dakika chache hakuna kinachotokea. Halafu tone la kwanza linaanguka kwenye kikombe kilicho chini, la rangi ya chai ya rangi, na la pili, na mdundo unaanza. Kikombe kimoja kinatosha wiki nzima.

Kijiko kimoja au viwili vya musherekha vinatiwa kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, majani ya mrenda yanafuata, na sufuria isifunikwe. Mrenda unafura na kupanda kama maziwa, hivyo mwiko usitoke mkononi. Kwa dakika kumi unakuwa laini na unavutika. Wanaoona unavutika mno wauchanganye na kunde zilizotangulia kuchemshwa dakika ishirini, kwa kuwa kunde ni ngumu zaidi. Tahadhari ipo moja: musherekha una potasiamu nyingi, na mwenye maradhi ya figo asiutumie kabla ya kumwuliza daktari wake.

Mboga hii inadai busuma ya wimbi. Sehemu mbili za wimbi kwa moja ya muhogo mkavu, zikisagwa pamoja, ni mwanzo mzuri. Muhogo unaishikisha, maana wimbi peke yake linavunjika. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe na kuanikwa vizuri kabla ya kusagwa, kwa kuwa una sumu ikiwa umeharakishwa. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko mahindi, na busuma yake inakaa tumboni. Familia iliyozoea ugali mweupe inaweza kuanza na jioni moja kwa wiki.

Uchambuzi wa majani ndio unaowakimbiza watu, na hapa tunarudi kwenye kugawa kazi. Majani yakichambuliwa Jumapili jioni, watu watatu wakiwa wamekaa na ungo mmoja huku wakizungumza, mafungu sita yanaisha kwa nusu saa. Yasioshwe. Yafungwe kwenye kitambaa kikavu na kuwekwa mahali penye baridi, yataoshwa siku ya kupikwa, nayo iwe kesho au kesho kutwa.

Omena inafuata utaratibu huo huo. Nunua zenye kung'aa kama fedha. Zilizogeuka manjano na kunuka mafuta ya zamani ziachwe. Nyingi zinaanikwa ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwa hiyo mchanga si ajabu. Gorogoro nzima ichaguliwe siku moja, ioshwe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne mpaka maji yatoke safi, ichujwe, kisha ikaushwe kwenye sufuria juu ya moto mdogo bila mafuta hadi ilie kavu ikikorogwa. Ikipoa, iwekwe kwenye kopo lenye kifuniko. Jioni ya wiki, vikonzi vitatu vinakaangwa kwa mafuta kidogo, kitunguu na nyanya vinaingia, na baada ya dakika kumi na tano kitoweo kiko mezani, pamoja na kalsiamu ya mifupa midogo inayoliwa yote. Kijiko cha malai mwishoni kinaituliza harufu kwa wasioipenda.

Kuku wa kienyeji, ingokho, ana sifa zake na heshima yake, ila si wa kila siku. Akipikwa Jumapili, atokoswe kwanza kwa chumvi na tangawizi mpaka aive kabisa, na supu iliyobaki ichemshwe na kutumika Jumatatu kupikia wali au ndengu. Mayai mawili ndani ya nyanya zilizokaangwa ni chakula cha dakika kumi. Na upande wa Mlima Elgon na Cherangani, ugali kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, ni mlo kamili ambao hauhitaji moto mwingine baada ya ugali kuiva.

Ukiyaweka haya yote kwenye wiki moja, Jumapili ina kuku, majani yanachambuliwa na omena inakaushwa. Jumatatu ni ndengu kwa wali uliopikwa na supu ya kuku, na mboga ya maziwa inabandikwa kando. Jumanne mboga hiyo inaliwa kwa busuma, na maharagwe yanalowekwa kabla ya kulala. Jumatano ni maharagwe kwa ugali, Alhamisi mushenye, Ijumaa omena. Jumamosi sukuma wiki inarudi, ikiwa imekatwa nyembamba baada ya kuoshwa na kukaangwa dakika nne tu bila tone la maji, na italiwa kwa hamu kwa sababu haikuonekana wiki nzima. Ukiiacha Jumapili, hakuna hata jioni moja hapo inayomdai mpishi zaidi ya saa moja, na hakuna kitu kisichopatikana sokoni Kitale, Kimilili au Bungoma.

Asiyeweza kubadili wiki nzima aanze na jambo moja. Usiku huu, kabla ya kuzima taa, pima vikombe vitatu vya maharagwe, yachague, yaoshe, mimina maji juu yake na uyafunike. Kesho asubuhi, chai inapobandikwa, yatakuwa yamevimba na yako tayari kwa moto.